Kazi ya Gwiji wa Pipa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Pipa ni ala gani?

Ni ala ya nyuzi nne ya China, yenye tumbo lenye umbo la pea na shingo fupi, urefu wake kama mita moja. (Hapa tunasema "pipa hii" na "pipa hizi", kwa kuwa ni ala, ili isichanganywe na pipa la maji.) Mpigaji hukaa kitini akaisimamisha mapajani, uso wake ukiwaelekea wasikilizaji. Nyuzi hutuniwa A, D, E na A kutoka mzito hadi mwembamba. Uzi mzito hutetema mara 110 kwa sekunde na mwembamba mara 220, kwa hiyo kati ya nyuzi mbili za pembeni, zikiwa wazi, kuna oktavu moja tu. Pipa ya siku hizi huwa na freti 30 hivi, yaani vizuizi ambavyo uzi hubanwa juu yake ili kubadili sauti: sita nene zilizoko shingoni, ziitwazo *xiang*, na 24 nyembamba za mwanzi zilizogandishwa usoni, ziitwazo *pin*.

Anayeujua udi wa taarabu ana pa kuanzia, maana udi na pipa ni ndugu. Wanahistoria wa ala huzirudisha zote mbili kwenye barbat ya Uajemi: tawi moja likaelekea Uarabuni na baadaye likafika pwani ya Afrika Mashariki, tawi lingine likapita Asia ya Kati hadi China. Katika enzi ya Tang (618–907) pipa ililazwa mapajani na kupigwa kwa risha, kama udi upigwavyo. Pipa moja ya enzi hiyo, ya nyuzi tano, bado imehifadhiwa Shosoin mjini Nara, Japani. Katika karne zilizofuata risha iliachwa, vidole vitano vikashika nafasi yake, na ala ikainuliwa wima. Ugumu mwingi wa mkono wa kulia, tunaoueleza hapa chini, ulianzia kwenye badiliko hilo.

Kwa nini mfano wenu mkuu ni Wu Man?

Kwa sababu maisha yake ya kazi yanaonyesha hatua zote, na yameandikwa vizuri. Alizaliwa Hangzhou mwaka 1963. Akiwa na miaka 13 alikubaliwa katika shule iliyo chini ya Chuo cha Muziki cha Kati, Beijing, wakati vyuo vilipofunguliwa upya baada ya Mapinduzi ya Utamaduni. Alisoma kwa Lin Shicheng (1922–2005), mrithi wa mtindo wa Pudong, mmojawapo wa mitindo ya kurithishana ya pipa, na akawa mtu wa kwanza kupata shahada ya uzamili katika pipa. Mwaka 1990 alihamia Marekani.

Huko hapakuwa na kazi iliyomngojea. Okestra za huko hazikuwa na kiti cha mpiga pipa, wala maktaba zake hazikuwa na noti za ala hiyo. Miaka kumi baadaye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kundi la Silk Road lililoundwa na mpiga selo Yo-Yo Ma. Mwaka 2013 jarida la Musical America lilimtangaza mpigaji ala bora wa mwaka, na hakuna mpigaji wa ala isiyo ya Kimagharibi aliyewahi kupewa heshima hiyo kabla yake. Albamu ya Silk Road iliyopata tuzo ya Grammy mwaka 2017 ina mapigo yake. Mwaka 2023 alipewa heshima ya taifa ya urithi wa sanaa nchini Marekani, miaka 30 baada ya mpiga pipa mwingine, Tang Liangxing, kuipokea.

Vidole vyake ni vya ajabu, lakini vidole vya ajabu ni vingi China. Jambo lililomtofautisha ni muziki mpya aliosababisha uandikwe. Ndiyo maana sehemu ndefu ya maelezo haya inahusu kuagiza tungo.

Mtoto huanza akiwa na umri gani?

Wengi huanza kati ya miaka sita na tisa. Mapema zaidi ya hapo mkono haufiki freti za chini na kidole kidogo hakina nguvu ya kupiga uzi wa chuma. Kuna pipa ndogo za watoto, lakini mtoto akishazoea mapana ya freti ndogo, itambidi azoee tena atakapohamia ala kamili. Waalimu wengi hupenda ahamie mara tu mkono unaporuhusu.

Njia ya kawaida nchini China ni mwalimu binafsi, kisha shule ya sekondari iliyo chini ya chuo cha muziki, kisha chuo chenyewe. Vinavyotajwa zaidi ni Chuo cha Muziki cha Kati na Chuo cha Muziki cha China, vyote vya Beijing, na Chuo cha Muziki cha Shanghai kilichoanzishwa mwaka 1927. Mlango mgumu ni ule wa sekondari. Anayeukosa akiwa na miaka 12 au 13 bado anaweza kuingia chuoni akiwa na miaka 18, ila atashindana na watu waliofundishwa kila siku kwa miaka sita.

Mitihani ya madaraja ndiyo njia ya kuwa gwiji?

Hapana. Mitihani ya madaraja, inayofika daraja la 9 au la 10 kutegemea taasisi, imewekwa kwa wasiokusudia kuishi kwa muziki. Mtoto anaweza kufaulu daraja la juu kwa kukariri tungo tatu nne kwa mwaka mzima huku lunzhi yake, yaani mapigo ya mfululizo ya vidole vitano, ina mashimo. Cheti hicho hakimsaidii kwenye usaili wa chuo. Tungependa wazazi wajue hili mapema.

Lunzhi ni nini, na kwa nini wapiga pipa huizungumzia kila mara?

Sauti ya pipa hufa haraka. Ukipiga uzi mara moja, sauti inakwisha kabla wimbo haujamaliza kupumua. Lunzhi ndiyo njia ya kuirefusha: vidole vitano vya mkono wa kulia hupiga uzi uleule kwa zamu, bila pengo, mpaka msikilizaji asikie mstari mmoja. Mzunguko wa kawaida huanza kidole cha shahada, kisha cha kati, cha pete, kidogo, na mwisho gumba. Vidole vinne husukuma kutoka ndani kwenda nje, gumba hurudi kinyume chake. Mtindo wa Chongming una mzunguko unaoanzia kidole kidogo, na sauti yake ni laini zaidi.

Hivi ndivyo inavyojengwa. Kwanza kila kidole hupiga uzi wa kwanza, ule mwembamba, peke yake, polepole, kikirudi mahali pake kabla kinachofuata hakijaondoka. Kisha vidole viwili viwili: shahada na kati, kati na pete, pete na kidogo. Jozi ya pete na kidogo ipewe muda mara mbili ya nyingine, kwa kuwa ndiyo dhaifu kwa kila mtu. Kisha mzunguko mzima, mmoja kwa kila pigo la metronomu, kuanzia 40 kwa dakika, mapigo yote matano yakiwa sawa kwa nguvu na kwa muda. Unaongeza kasi pale tu unapoweza kupiga dakika mbili bila bega kupanda.

Makosa hujirudia. Gumba likichelewa, kila mzunguko unakuwa na kilema na sauti inadundadunda kama farasi anayekimbia. Kidole kidogo kikigusa uzi bila kuupiga, unasikia mapigo manne na kimya. Kifundo kikikazwa, kasi hukwama mahali pamoja kwa miezi, na mwanafunzi hudhani tatizo ni vidole. Dawa yake ni kurudi chini ya kasi ile na kuuacha mkono uning'inie kwa uzito wake. Kurekodi kwa simu na kuisikiliza kwa nusu ya kasi hufichua yote haya kuliko sikio la mpigaji mwenyewe.

Mwanafunzi wa chuo hupiga saa nne hadi sita kwa siku, na lunzhi peke yake huchukua hadi saa moja ya muda huo, hata baada ya miaka kumi.

Kucha za bandia zinahitajika kweli?

Kwa pipa ya leo, ndiyo. Zamani nyuzi zilikuwa za hariri, laini na zisizovutwa sana, na kucha halisi zilitosha. Katikati ya karne ya 20 hariri ilipisha chuma: uzi wa kwanza ni waya mtupu wa chuma, na mingine mitatu ina kiini cha chuma kilichozungushiwa nailoni. Sauti ikawa kubwa na angavu, yenye kufika nyuma ya ukumbi, lakini kucha halisi haziwezi kuhimili. Huchanika kwa siku chache.

Kucha za kupigia hutengenezwa kwa nailoni au plastiki nyingine ngumu na huvaliwa kwenye vidole vyote vitano vya kulia. Za zamani zilikuwa za gamba la kasa. Usinunue hizo hata ukipewa bei nzuri, maana biashara ya kimataifa ya gamba la kasa imepigwa marufuku.

Namna ya kuzivaa: kata kucha zako ziwe fupi. Weka ukucha wa bandia juu ya ukucha wako, upande wa mgongo wa kidole. Wapiga guzheng, ala nyingine ya nyuzi ya China, huuweka upande wa tumbo la kidole, na anayetoka huko hukosea hapa. Acha ncha itokeze milimita tatu hadi tano mbele ya nyama. Zungusha plasta yenye upana wa sentimita moja hivi, mara moja na nusu au mbili, ukianza na kumalizia upande usiogusa uzi. Ukucha wa gumba ni mpana zaidi na huelekezwa pembeni kidogo, kwa sababu gumba hukutana na uzi kwa ubavu.

Kidole kikiwa cheupe au kikifa ganzi, umekaza mno. Ukucha ukizunguka katikati ya utungo, ama ulikuwa na jasho au mafuta mkononi, ama plasta ilizungushwa mara moja tu. Futa vidole kwa spiriti kabla ya kufunga, na usipake losheni siku ya onyesho. Urefu wa ncha usiolingana huharibu lunzhi kuliko uvivu wa mazoezi: tumia msasa laini, usawazishe, kisha ng'arisha ukingo, maana ukingo wenye mikwaruzo hutoa mchakacho ambao maikrofoni huukuza. Mpigaji wa kazi huwa na seti mbili zilizokwisha kusawazishwa, na plasta ya ziada nyuma ya jukwaa.

Mkono wa kushoto hufanya nini?

Unatia uhai. Hutetemesha noti, huusukuma au kuuvuta uzi kando ya freti ili sauti ipande bila kukatika, hugusa uzi pasipo kuubana ili kupata sauti za kengele. Katika mapigo ya vita, nyuzi mbili husokotwa moja juu ya nyingine na kupigwa pamoja, zikatoa mlio wa silaha zinazogongana.

Freti zina historia yake. Pipa ya zamani ilikuwa na xiang nne na pin kama 10 hadi 13, na vipimo vyake havikulingana na piano. Katika karne ya 20 freti ziliongezwa na kupangwa kwa nusu-sauti zilizo sawa, ndipo pipa ikaweza kupiga funguo zote na kukaa pamoja na okestra. Baadhi ya vipimo vya kale vilipotea usoni mwa ala. Leo mpigaji anayetaka ladha ya zamani huitafuta kwa kusukuma uzi, na asiyefundishwa na mwalimu wa mtindo wa kale hata hajui kwamba ipo.

Ni tungo gani ambazo mpigaji lazima awe nazo?

Tungo za jadi hugawanywa mafungu mawili makuu, za utulivu na za vita. *Shimian maifu*, "Mavamizi kutoka pande kumi", inasimulia vita vya Gaixia vya mwaka 202 KK, Liu Bang alipomzingira Xiang Yu. *Bawang xiejia* inasimulia vita vilevile upande wa aliyeshindwa, na kwa maoni yetu ndiyo ngumu zaidi kuipiga vizuri, kwa kuwa mwisho wake unadai huzuni wakati mikono imechoka. Upande wa utulivu kuna *Xiyang xiaogu*, filimbi na ngoma wakati wa magharibi, na *Yangchun baixue*, iliyo nyepesi na changamfu.

Za karne ya 20 ni za lazima pia: *Yizu wuqu*, ngoma ya watu wa Yi, ya Wang Huiran (1960), na utungo wa pipa na okestra uitwao *Caoyuan xiao jiemei*, wadada wadogo wa nyikani, uliotungwa na Wu Zuqiang, Wang Yanqiao na mpigaji Liu Dehai (1937–2020). Mwaka 1979 Liu Dehai aliupiga Beijing na Okestra ya Boston ikiongozwa na Seiji Ozawa, na wasikilizaji wengi wa nje ya China waliifahamu pipa kwa mara ya kwanza kupitia mapigo hayo.

Kwa nini utungo mmoja hupigwa tofauti na waalimu tofauti?

Kwa sababu kuna mitindo ya kurithishana: Wuxi, Pudong, Pinghu, Chongming, na ule wa Wang huko Shanghai. Noti za kale ziliandika mifupa tu. Mkusanyo wa kwanza uliochapishwa, wa Hua Qiuping, ulitoka mwanzoni mwa karne ya 19, na ule wa Li Fangyuan wa Pinghu mwaka 1895. Mapambo, mwendo na mahali pa kupumua vilitoka mdomoni na mikononi mwa mwalimu. Kwenye usaili, taja unapiga toleo la nani. Kuchanganya vipande vya matoleo mawili bila kujua huonekana mara moja.

Baada ya kuhitimu, kazi ziko wapi?

Ajira yenye mshahara iko kwenye okestra za ala za Kichina. Beijing kuna okestra ya taifa ya ala za jadi (1960), Hong Kong kuna Hong Kong Chinese Orchestra (1977), na Singapore kuna Singapore Chinese Orchestra (1996). Kila moja ina wapiga pipa wachache tu, na nafasi hufunguka mtu anapostaafu. Usaili hudai utungo mmoja wa jadi, mmoja wa kisasa, vipande vya okestra, na kusoma noti papo hapo. Hapo wengi huanguka. Waliolelewa kwa kukariri wanashindwa kusoma, tena noti za mistari mitano ndizo zinazowekwa mbele yao, siyo *jianpu*, noti za tarakimu walizozoea utotoni. Jifunze zote mbili ukiwa kijana.

Wengi zaidi huishi kwa kufundisha. Ng'ambo, kazi huwa ya kuunganisha: maonyesho, semina za vyuo vikuu, kurekodi muziki wa filamu, wanafunzi binafsi. Gao Hong, mwanafunzi mwingine wa Lin Shicheng, amefundisha Carleton College huko Minnesota. Min Xiaofen aliingia kwenye jazi ya New York. Liu Fang alifanya makao yake Montreal. Kila mmoja alipata njia ambayo haikuwa na kibao.

Kwa nini mnasisitiza kuagiza tungo mpya?

Kwa sababu mwenye ukumbi au okestra huuliza swali moja: tutapiga nini pamoja nawe? Mpiga violini ana karne tatu za majibu. Mpiga pipa aliyefika Marekani mwaka 1990 alikuwa na tungo za peke yake na tungo chache za okestra za kutoka China, nyingi zikihitaji ala ambazo okestra ya huko haina. Bila utungo unaolingana na kundi lililopo, hakuna mwaliko wa pili.

Tazama Wu Man alivyofanya. Mwaka 1992 alipiga utungo wa Zhou Long pamoja na Kronos, kundi la wapigaji wanne wa ala za nyuzi. Mwaka 1994 Tan Dun aliwaandikia *Ghost Opera*, ambamo wapigaji hutumia pia maji, mawe, chuma na karatasi, na huhama jukwaani. Mwaka 1997 alipiga kwa mara ya kwanza utungo wa Lou Harrison wa pipa na okestra ya nyuzi tupu, mwaka ambao Harrison alitimiza miaka 80. Sehemu yake moja huifanya pipa ilie kama mandolini ya Napoli. Mwaka 2005 ukaja *The Cusp of Magic* wa Terry Riley. Mwaka 2013 ukaja utungo wa Zhao Jiping wa pipa na okestra. Kila utungo ulimpa kundi jipya la kupiga nalo, na wapiga pipa waliomfuata wameukuta tayari. Okestra ya nyuzi ipo karibu kila mji mkubwa, kwa hiyo chaguo la Harrison la kuacha tarumbeta na ngoma limeusaidia utungo wake kupigwa mara nyingi.

Mtunzi asiyeijua pipa anaagizwaje?

Anza mwaka mmoja na nusu kabla ya onyesho, au zaidi. Kwanza hakikisha kuna mahali utakapopigwa na nani analipa: mara nyingi okestra mbili tatu hugawana gharama, kila moja ikipata onyesho lake la kwanza katika nchi au mji wake. Mkataba useme urefu kwa dakika, idadi ya wapigaji, tarehe ya kukabidhi noti, na muda ambao wewe peke yako una haki ya kuupiga.

Kisha mwandalie mtunzi karatasi ya ala, isizidi kurasa nne: jinsi nyuzi zinavyotuniwa, noti ya chini na ya juu kabisa, akodi zinazotumia nyuzi wazi, na mapana ambayo mkono wa kushoto unafika. Ambatisha rekodi fupi ya kila pigo, sekunde kumi kila moja, lenye jina na alama yake kwenye noti. Maelezo ya maandishi peke yake hayatoshi. Mtunzi anayesoma "lunzhi" huwaza mtetemo wa mandolini, na akisikia anaandika kingine kabisa.

Kutaneni mara mbili: kabla hajaandika, na akiwa na rasimu. Kwenye rasimu tafuta mambo haya. Akodi za gitaa: nyuzi za pipa hazikutuniwa hivyo, na nyingi hazishikiki. Lunzhi ya kurasa mbili mfululizo bila pumziko, ambayo itaua mkono. Pipa kupewa wimbo wakati ala zote za shaba zinalia. Kukosekana kwa nafasi ya kutuni upya baada ya kusokota nyuzi. Mwambie waziwazi, na umpe mbadala papo hapo kwa kuupiga. Watunzi hukubali haraka wanaposikia.

Pipa inasikika mbele ya okestra nzima?

Mwanzo wa kila noti husikika vizuri, mkia wake hausikiki. Mapigo makali hupenya hata okestra kubwa, lakini mstari wa lunzhi laini humezwa na vinubi na violini nane tu. Katika ukumbi wa watu zaidi ya 500, kubali maikrofoni. Iwekwe sentimita 30 hadi 40 mbele, ikielekea chini kidogo ya katikati ya uso wa ala, siyo mkono wa kulia, la sivyo watu watasikia kucha. Spika ndogo iwe karibu na mpigaji ili sauti itoke alipo. Wapo wanaoona maikrofoni ni aibu. Hatukubaliani nao, kwani msikilizaji wa safu ya mwisho naye amelipa.

Pipa nzuri hutengenezwa kwa mbao gani?

Mgongo huchongwa kwa kipande kimoja cha mbao ngumu, uso ni mbao nyepesi ya paulonia. Miti ya mgongo ni ile inayojumlishwa China kwa jina la *hongmu*, na orodha rasmi ya miti hiyo inautaja mpingo, *Dalbergia melanoxylon*, ule unaovunwa Tanzania na Msumbiji na kutengenezewa klarineti Ulaya. Mgongo wa mpingo ni mzito na sauti yake ni kavu yenye makali. Baadhi hupenda, wengine huona inakosa joto.

Unapochagua, usianze na mbao. Piga kila freti ya kila uzi, taratibu, ukisikiliza mlio wa kukwaruza: pin moja iliyo juu kuliko jirani yake huua noti. Linganisha freti ya oktavu na sauti ya kengele ya uzi uleule. Zikitofautiana, freti zimepangwa vibaya, na hakuna mazoezi yatakayorekebisha. Zungusha vigingi: viende bila kuruka na vibaki vilipoachwa.

Kusafiri na pipa kuna mitego gani?

Mtego wa kwanza ni hewa. Pin zimegandishwa kwa gundi kidogo tu, na ukavu wa ndege au wa hoteli yenye kiyoyozi huzibandua. Weka unyevu wa ndani ya sanduku kati ya asilimia 45 na 60, legeza nyuzi kidogo kabla ya kuruka, na beba gundi nyeupe ya mbao. Pin ikidondoka, safisha gundi ya zamani, weka tone dogo, irudishe kwenye alama yake na isubiri usiku kucha. Gundi ya papo hapo itashika, lakini siku fundi atakapotaka kuitoa atang'oa na uso wa ala.

Mtego wa pili ni forodha. Miti yote ya jenasi ya *Dalbergia* iliwekwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tarehe 2 Januari 2017, na wasafiri wengi walisumbuka. Tangu 26 Novemba 2019 ala zilizokamilika zimeondolewa kwenye sharti hilo, isipokuwa zenye *Dalbergia nigra*, mti wa Brazili wenye ulinzi mkali zaidi. Pembe za ndovu ni jambo jingine: pipa za zamani mara nyingi zina xiang za pembe, nazo usivuke nazo mpaka bila kibali. Safari nazo ni hatari hata kwa ala ya babu. Fundi anaweza kuweka za mbao au pembe ya ng'ombe.

Ndege za Marekani, kwa kanuni ya mwaka 2015, hutakiwa kupokea ala ndogo kama mzigo wa mkononi ikiwa nafasi ipo wakati wa kupanda. Panda mapema. Pipa haipaswi kwenda na mizigo ya chini isipokuwa ndani ya sanduku gumu la safari.

Mtego wa tatu ni viza. Kwa Marekani, wapigaji wa ala za jadi hutumia zaidi P-3, ya sanaa ya utamaduni mahususi, inayotolewa kwa hadi mwaka mmoja, au O-1 ya kipaji cha pekee, kwa hadi miaka mitatu. Zote huombwa na mwajiri au wakala aliyeko huko. Kusanya programu za maonyesho, makala za magazeti na barua za wataalamu tangu siku ya kwanza ya kazi, kila moja ikiwa na tarehe.

Ni majeraha gani yanayokatisha kazi?

Uvimbe wa kano kwenye kifundo cha kulia na maumivu ya gumba la kushoto ndivyo vya kawaida. Kibaya zaidi ni pale kidole, mara nyingi cha pete au kidogo, kinapojikunja chenyewe wakati wa lunzhi bila maumivu yoyote. Hilo si udhaifu, ni tatizo la ubongo kuamrisha misuli, na kuongeza mazoezi hulizidisha. Simama siku hiyohiyo utafute daktari wa wanamuziki. Kwa siku za kawaida, pumzika dakika kumi kila baada ya dakika 45, na usianze na tungo za vita mkono ukiwa baridi.

Mpiga udi au gitaa anaweza kuhamia pipa akiwa mtu mzima?

Kujifurahisha na kupiga tungo za utulivu, ndiyo, ndani ya miaka mitatu minne. Mkono wa kushoto wa mpiga udi una sikio zuri la kusukuma sauti. Mkono wa kulia utaanza sifuri, kwani vidole hapa vinasukuma nje, kinyume cha gitaa ambako vinavuta ndani. Usijaribu kuutafsiri mkono wa gitaa. Jenga mwingine.

Nianze kusikiliza nini?

Anza na *Xiyang xiaogu* ya Lin Shicheng, kisha *Shimian maifu* ya Liu Dehai, uone pande mbili za ala. Fuatisha *Ghost Opera* ya Wu Man na Kronos, iliyotolewa mwaka 1997, halafu utungo wa Harrison. Sikiliza kila mmoja mara mbili: mara ya kwanza wimbo, mara ya pili lunzhi peke yake, ukijaribu kulitambua gumba.